Fuata Mzigo: Hotuba kwa Vijana wa Morogoro

Wakubwa zangu mliokaa safu za mbele, shikamooni. Vijana, marahaba, na asanteni kwa kuacha usingizi wa Jumamosi mkaja kumsikiliza mzee.

Nimeombwa nieleze mtu wa kawaida afanye nini pale haki za binadamu zinapovunjwa duniani. Swali hili kila nikiulizwa huwa limeshachoka njiani. Muulizaji ameangalia taarifa ya habari, ameona Sudan, ameona Gaza, ameona mashariki ya Kongo, amezima televisheni na kusema: sasa mimi wa Kihonda, hapa Morogoro, nitafanya nini? Silidharau swali hilo, maana na mimi nimelala nalo usiku mwingi.

Mimi si mwanasheria. Nilifanya kazi bandarini Dar es Salaam miaka thelathini na mmoja, karani wa kuhesabu mizigo. Kazi ya karani ni moja: kufuata mzigo. Umetoka wapi, umepita mikononi mwa nani, nani ametia sahihi, unaishia wapi. Leo nitazungumza hivyohivyo, kwa sababu miaka ile imenifundisha kwamba hakuna dhuluma inayotembea peke yake. Inabebwa. Kuna anayeipakia, kuna anayeigongea muhuri, kuna anayeiuza, kuna anayeinunua. Na karibu wote hao ni watu wa kawaida.

Nianze na mabalungi mawili.

Tarehe 19 Julai 1984, katika duka kubwa mjini Dublin, Ireland, mteja alifika kaunta ya malipo na mabalungi mawili yaliyotoka Afrika Kusini. Keshia alikuwa binti wa miaka 21, Mary Manning. Chama chake cha wafanyakazi kilikuwa kimepitisha azimio kwamba wanachama wasishike bidhaa za Afrika Kusini, ili kupinga ubaguzi wa rangi wa kule. Mary akamwambia mteja kwa adabu kwamba hawezi kumuuzia matunda yale. Akaitwa ofisini, akasimamishwa kazi. Mwakilishi wa chama pale dukani, Karen Gearon, naye kijana tu, akatoka pamoja naye, na wenzao wakawafuata. Hawakufika hata kumi na wawili, karibu wote wanawake.

Walidhani watakaa nje wiki moja au mbili. Walikaa karibu miaka mitatu.

Hebu tulieni hapo kidogo, maana ndipo penye uzito. Mabinti hawa hawakuwa wanaharakati. Mary mwenyewe amesema mara nyingi kwamba siku ile hakuwa akijua mengi kuhusu Afrika Kusini. Alijua chama kimeamua na yeye ni mwanachama. Chama kiliwalipa pauni 21 kwa wiki za kujikimu. Fikirini kodi ya nyumba, nauli, mvua ya Dublin, na watu wanaopita wakiwatolea maneno. Aliyewafundisha ni mzee mmoja mkimbizi, Nimrod Sejake, mwanachama wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Kusini ambaye mwaka 1956 alikuwa miongoni mwa walioshtakiwa kwa uhaini pamoja na Mandela. Aliishi Ireland wakati huo. Akaja akasimama nao pale barabarani, na kidogo kidogo akawaeleza pasi, vile vibali alivyolazimishwa Mwafrika kutembea navyo, ni nini, migodi ni nini, nani anayachuma matunda yale na kwa ujira gani. Walianza na amri ya chama. Walimaliza wakijua sababu.

Desemba 1984 Askofu Desmond Tutu, akiwa njiani kwenda kupokea Tuzo ya Nobeli ya Amani, alikutana nao London. Mwaka 1985 walipanda ndege kwenda Afrika Kusini kujionea wenyewe, wakazuiwa uwanjani Johannesburg na kurudishwa. Mwaka 1987 serikali ya Ireland ikapiga marufuku matunda na mboga kutoka Afrika Kusini. Mandela alipofika Dublin mwaka 1990, miezi michache tu baada ya kutoka kifungoni, alikutana na wagomaji wale.

Sasa swali la karani: kwa nini mabalungi? Kwa nini wasichangishe fedha, wasiandamane tu? Kwa sababu waliokuwa wakiumia ndio walioomba hivyo. Hili vijana wengi wa leo wanalipita haraka. Wazo la kususia bidhaa halikuzaliwa Ulaya. Chifu Albert Luthuli, kiongozi wa chama cha ukombozi cha ANC cha Afrika Kusini, na wenzake ndio waliotoa wito ule, wakijua wazi kwamba na wao utawauma mfukoni. Na tarehe 26 Juni 1959, ulipofanyika mkutano London wa kuanzisha kampeni ya kususia, mmoja wa wasemaji alikuwa kijana wetu, Julius Nyerere. Tanganyika yenyewe bado ilikuwa chini ya Mwingereza! Bado alikuwa anadai ya kwake, na tayari amesimama ugenini kudai ya jirani. Pamoja naye alisema Padri Trevor Huddleston, ambaye mwaka uliofuata alikuja kuwa askofu wa Masasi. Kwa hiyo mzigo wa mabalungi ukiufuata nyuma, kutoka Dublin unapita London, na pale London unakuta sauti ya Kitanzania.

Na ukiufuata mbele unafika hapa. Kilomita chache kutoka ukumbi huu, Mazimbu, palikuwa na shamba la mkonge lililoachwa. Mwaka 1977 serikali yetu ililitoa kwa wakimbizi wa Afrika Kusini, watoto waliokimbia baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto kupigwa risasi mwaka 1976, na wakajenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana mpigania uhuru wao aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Mnaosoma chuo pale mnapita kila siku mbele ya majengo yao, na makaburi yao yapo. Waliowakaribisha walikuwa wazee wa Morogoro hii, waliowauzia mchicha na kuwapa nafasi kwenye basi, na kukaa kimya mgeni asiyejulikana alipouliza vijana wale wanalala wapi. Majina yao hayakuandikwa popote, na bado ninaamini walifanya kazi kubwa kuliko sisi tunaosimama kwenye majukwaa.

Habari ya pili ni ya bandarini, na mtanisamehe nikikaa nayo, maana hii naijua kwa ngozi.

Aprili 2008 meli ya Kichina, An Yue Jiang, ilitia nanga nje ya bandari ya Durban. Ilibeba tani 77 za silaha na risasi kwenda Zimbabwe. Zimbabwe ilikuwa imepiga kura tarehe 29 Machi, matokeo ya urais yalikuwa yamezuiwa, na watu vijijini walikuwa wameanza kupigwa. Kwa karatasi, mzigo ule haukuwa na kosa: serikali ya Afrika Kusini ilikuwa imeshatoa kibali upite. Karani mwenzangu yeyote angeangalia mihuri na kusema, shusheni.

Lakini nyaraka za mzigo zilifika mikononi mwa waandishi wa habari. Sijui moyo wa aliyezitoa ulidunda vipi, ila mimi nimeshika nyaraka kama zile na najua hofu yake. Habari ikatoka. Chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, SATAWU, kikatangaza kwamba wanachama wake hawatashusha mzigo huo, wala madereva wake hawatauendesha kwenda mpakani. Wakati huohuo Askofu Rubin Phillip wa Kanisa la Anglikana pamoja na wanasheria wakaenda Mahakama Kuu ya Durban, na tarehe 18 Aprili mahakama ikazuia mzigo usipite. Jioni ileile meli ikang'oa nanga.

Ikaenda wapi? Hapa ndipo ilipopendeza. Shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi likawaarifu wanachama wake bandari kwa bandari: iangalieni. Rais Levy Mwanawasa wa Zambia, aliyekuwa mwenyekiti wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, akawaomba majirani wasiipokee. Ilipofika Luanda iliruhusiwa kushusha mizigo ya Angola tu. Meli nzima, yenye kibali cha serikali, ikazunguka ncha ya bara letu ikikosa mtu wa kufungua mlango wa shehena.

Kijana mmoja aliwahi kuniuliza, kwani Zimbabwe ilikosa silaha nyingine? Haikukosa, na watu waliendelea kuumizwa mwaka ule, sitawadanganya. Lakini mwenye winchi pale Durban hakuulizwa amalize udhalimu wa Zimbabwe. Aliulizwa kama atanyanyua sanduku lile. Swali lake lilikuwa la ukubwa wa mkono wake, na alilijibu. Nawasihi mjifunze kulitafuta swali la namna hiyo, lenye ukubwa wa mkono wako, maana lile kubwa la kuiponya dunia nzima ndilo linalowafanya mzime televisheni na kulala.

Mtasema: mzee, mimi sina winchi wala kaunta. Una kalamu. Mwaka 1961 mwanasheria wa Uingereza, Peter Benenson, aliandika gazetini kuwaomba wasomaji waandike barua kwa ajili ya wafungwa waliofungwa kwa sababu ya mawazo yao tu. Ndivyo lilivyoanza shirika la Amnesty International. Mnaweza kuona barua ni kitu cha zamani. Msikieni Julio de Peña Valdez, kiongozi wa wafanyakazi wa Jamhuri ya Dominika aliyefungwa mwaka 1975. Alisimulia baadaye kwamba alikuwa uchi katika chumba cha chini ya ardhi. Zilipofika barua mia mbili za kwanza, walinzi walimrudishia nguo. Zilipofika mia mbili nyingine, mkuu wa gereza alikuja kumwona. Barua zikaendelea hadi elfu tatu, rais akaarifiwa, na mwishowe akaachiwa.

Nguo, wanangu. Hilo ndilo neno ninalolishika katika habari hii. Kabla ya kuachiwa huru alirudishiwa suruali, na aliirudishiwa na watu waliokaa mezani kwao wakanunua stempu.

Ukiandika, andika fupi. Jina la mtu, mahali, tarehe, ombi moja. Usitukane, barua ya matusi karani anaitupa, nimeona. Andika tena baada ya wiki mbili. Na usiandike habari za mtu kabla familia yake au mwenyewe hajakubali, na hapo naingia kwenye jambo linalonigusa mwenyewe.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikwenda kufanya kazi za ndani katika nchi moja ya Ghuba. Nchi sitaitaja, wala wakala aliyempeleka. Alipofika, pasipoti ikachukuliwa siku ya kwanza. Kule kuna utaratibu uitwao kafala, kibali chako cha kuishi kimefungwa kwa mwajiri wako. Ukitoka nyumbani kwake bila ruhusa yake unahesabiwa mtoro, na mtoro hukamatwa. Baadhi ya nchi zimelegeza sheria hizi miaka ya karibuni, ila ndani ya nyumba ya mtu, mlango ukifungwa, sheria inabaki nje. Mpwa wangu alikuwa akiamka saa kumi alfajiri na kulala saa sita usiku. Mshahara miezi mitatu hakuuona.

Akajificha bafuni akarekodi ujumbe wa sauti kwa mama yake, dakika moja na nusu. Maji ya bomba yanasikika nyuma, aliyafungulia ili asisikike. Kijana mmoja wa mtaani, kwa huruma kabisa, akauchukua ule ujumbe, akabandika picha ya mpwa wangu, akausambaza kwenye magrupu ya WhatsApp na maneno "sambaza mpaka umfikie Rais." Ukasambaa kweli. Ulimfikia mwajiri kwanza. Simu ikachukuliwa, na kwa siku ishirini na tatu hatukujua kama mtoto yu hai.

Dada yangu hakuwa akila. Alikaa na kile kisimu mapajani, akikigeuza, akikifuta kioo kwa ncha ya khanga.

Aliyetuokoa ni mwalimu mstaafu wa jirani, mama wa madaftari. Alikuja na daftari la kurasa mia, akakaa jamvini akauliza maswali kama wa bandarini: nakala ya mkataba iko wapi? Jina la mwajiri linaandikwaje kwa Kiarabu? Alisafiri tarehe ngapi, kwa ndege gani, nani alimpokea? Akaandika barua moja ya ukurasa mmoja, nakala kwa ubalozi, wizarani, na chama cha wafanyakazi wa majumbani. Kila Jumatatu saa tatu asubuhi alipiga simu na kuandika katika daftari jina la aliyepokea na alichosema. Wiki ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tano ubalozi ulimwita mwajiri. Ya nane mpwa wangu alitua uwanja wa ndege akiwa na mfuko wa plastiki na mshahara wa mwezi mmoja kati ya mitatu.

Yule kijana aliyesambaza simlaumu kwa nia yake. Alikuja akalia nasi. Lakini nataka mjue tofauti kati ya walichofanya wawili hawa. Mwalimu, kabla ya kunyanyua kalamu, alimuuliza mama mwenye mtoto: unataka nini kifanyike, na nini kisifanyike? Muulizeni mhusika kwanza. Kama hafikiki, muulizeni aliye karibu naye. Picha ya mtu aliye hatarini si ya kurushwa kwa sababu tu imekuumiza moyo.

Na wanaosafiri, jamani, wasitoke bila kuacha nyumbani nakala ya pasipoti na mkataba, namba ya mwajiri, na neno moja la siri ambalo akilitamka kwenye simu ninyi mnajua mambo yameharibika. Mpwa wangu sasa ndiye anayekwenda kuwaambia haya mabinti wa mtaani kabla hawajaondoka. Anawasaidia kusoma mikataba. Anawaambia waende au wasiende, uamuzi ni wao, lakini daftari libaki.

Nimebakiza jambo moja na ndilo zito kulisema, maana wengi humu litatugusa.

Juni 2011, mjini Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 wa wafanyakazi wa majumbani. Waliosukuma mkataba ule walikuwa wafanyakazi wa ndani wenyewe, wakiongozwa na watu kama Myrtle Witbooi wa Afrika Kusini, aliyeanza kama mtumishi wa ndani wakati wa ubaguzi na kuwaita wenzake wakutane kwenye gereji ya mwajiri wake. Vyama vyetu vya Afrika Mashariki navyo, CHODAWU hapa na KUDHEIHA kule Kenya, vinaandikisha wafanyakazi hawa. Mpwa wangu alipokuwa kule, mtaa mzima tulikasirika. Tulisema maneno makali juu ya Waarabu. Na jioni tukarudi majumbani, ambako kila mmoja wetu ana dada wa kazi anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kulala wa mwisho.

Tamko la Haki za Binadamu la tarehe 10 Desemba 1948, ibara ya 24, linasema kila mtu ana haki ya kupumzika. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Dada wa kazi yumo katika sheria hiyo. Mimi nilikuwa siijui. Karani wa miaka thelathini na mmoja, nimesoma mihuri ya dunia nzima, sikuwahi kuisoma karatasi ya mtu anayenipikia.

Kwetu yuko binti kutoka Singida. Baada ya mpwa wangu kurudi, mimi na mke wangu tulikaa tukaandika mkataba, kurasa mbili, kwa Kiswahili cha kawaida: mshahara na siku ya kulipwa, saa za kazi, Jumapili yake, likizo yake, simu yake ibaki kwake. Nilimpa akae nao siku tatu, ausome, amsomee na mama yake kwa simu. Siku ya tatu jioni alikuja barazani ameushika, amepiga magoti nikamwambia akae kitini. Akasema, "Babu, ni mzuri. Ila sijaona hapa, nikiumwa itakuwaje?"

Kipengele hicho tulikuwa tumekisahau. Tukakiandika palepale kwa kalamu, pembeni ya ukurasa wa pili, na sote watatu tukatia sahihi.

Asanteni kwa kunisikiliza.